Orijino ya nini?

Tangazo lilinifikia Jumanne asubuhi nikiwa nimekwama ndani ya tuktuk pale Makupa, Mombasa, mbele yetu trela limeziba njia nzima. Binamu yangu anaujua udhaifu wangu, kwa hivyo hakuandika neno, alituma picha tano na maneno ya dalali: "Porsche Speedster 1957, orijino, haijachezewa. Milioni nne na nusu, maongezi yapo." Kigari cheupe cha viti viwili, kimeviringika kama sabuni iliyokwisha ogewa wiki nzima, kimeegeshwa chini ya mkungu. Pembeni beseni la nguo na paka amelala.

Nilicheka mpaka dereva akanitazama kwenye kioo. Speedster ya kweli ya mwaka huo, ikiwa nzima, huuzwa kwa dola laki kadhaa. Ukizigeuza ziwe shilingi zetu unafika makumi ya mamilioni. Mwenye gari kama hilo haliachi chini ya mkungu lidondokewe na kungu, wala hamtumi kijana kulinadi kwa "maongezi yapo". Kizuri chajiuza, na hiki kilikuwa kimetembezwa hadi kimefika Makupa.

Basi ilikuwa feki. Ningezifuta picha nikaendelea na foleni yangu, ila ya tano ilikuwa picha ya injini.

Ile nyumba ya feni iliyovimba kama gamba la kasa, na dainamo mbele yake. Injini ya Volkswagen Beetle. Ningeitambua hata gizani kwa kuipapasa, kwa sababu Jumapili zangu za utotoni ziliishia nyuma ya injini kama ile, nimeshika tochi mkono mmoja na spana namba 13 mkono wa pili. Baba alikuwa karani bandarini Kilindini, na Beetle yake ilikuwa rangi ya chai ya maziwa. Injini isiyo na rejeta wala tone la maji, inapozwa na upepo wa feni na oili lita 2.5 basi. Kila kilomita 5,000 baba alifungua vifuniko vya valvu, injini ikiwa baridi kabisa, akapima nafasi kwa kijibati cha milimita 0.15, na ole wako uitikise tochi. Siku za mvua, pale mteremko wa feri Likoni, magari yenye injini mbele yalikuwa yakipanda yakiteleza na sisi tunayapita, maana injini yetu ya nyuma imekalia magurudumu yanayosukuma. Baba hakuchoka kutukumbusha kuwa gari kama lake ndilo lililoshinda Safari Rally mwaka 1962, mikononi mwa Tommy Fjastad. Aliliuza nilipoingia kidato cha kwanza. Hakuna aliyelia. Ada ililipwa.

Alhamisi baada ya alasiri nikaenda Ganjoni.

Dalali alinipokea langoni, kijana wa viatu vyeupe, funguo zinazunguka kidoleni. "Kaka, hii ni moja tu Afrika Mashariki. Moja!" Sikumjibu. Nilikuwa na sumaku mfukoni, niliyoing'oa kwenye spika mbovu, nikaibandika kwenye boneti. Bodi ya Speedster ni ya chuma. Sumaku ikateleza juu ya rangi, ikaniangukia kidole cha mguu.

Kijana hakupepesa. "Alumini hiyo, kaka. Za mwanzo walitengeneza kwa alumini."

Nilimvulia kofia, maana hakuwa amebuni. Yale magari ya mwanzo kabisa ya Porsche, kama hamsini hivi, yaliyoundwa Gmünd kule Austria, yalikuwa ya alumini iliyopondwa kwa nyundo, kwa mkono. Lakini Speedster ilikuja mwaka 1954, kiwanda kimeshahamia Stuttgart na bodi zimeshakuwa chuma. Kijana alisoma ukurasa wa kwanza akaruka wa pili.

Hapo ndipo mwenyewe akatoka, mzee wa miaka sabini na kitu, kikoi na fulana, kikombe cha kahawa mkononi. Tukasalimiana, tukaulizana hali na za nyumbani.

"Watafuta nini na hiyo sumaku, mwanangu?"

"Natafuta chuma, Ami."

"Hukipati. Faiba hiyo. Nani aliyekwambia ni chuma?"

Sote wawili tukamgeukia dalali, naye akageukia simu yake.

"Mimi sikusema Porsche hata siku moja," mzee akaendelea, na wala hakukasirika. "Nlimwambia aniuzie gari yangu. Jina ni lake yeye."

Kisa chenyewe ni hiki. Mzee alifanya kazi miaka mingi bandarini, fundi wa injini za tagi, zile meli ndogo zinazovuta kubwa. Miaka ya tisini kuna mgeni mwenye hoteli kusini ya pwani aliyeagiza Uingereza ganda tupu la faiba, lenye sura ya Speedster. Ganda likaja, mgeni akaondoka na madeni yake, ganda likabaki ghalani Shimanzi limepandishiwa mbao na magunia hadi ubavu wa kushoto ukapasuka. Mzee akalinunua kwa bei ya friji. Beetle alikuwa nayo tayari, ya kwake, ambayo bodi ilikuwa imeliwa na chumvi mpaka milango ikawa yafungwa kwa kamba. Akaliondoa lile bati lililooza, akakata chesisi, akaweka ganda juu. Ilimchukua miaka sita. Nje ya Mombasa watu wangesema miaka sita ni mingi.

Na hapa ndipo neno "feki" lilipoanza kunikera.

Kwa sababu Beetle yenyewe ilichorwa na nani? Ferdinand Porsche, kabla ya vita kuu ya pili. Baada ya vita mwanawe, Ferry, akiwa pale Gmünd, alitaka kuunda kigari cha michezo, akaunda kwa alichokuwa nacho. Alichokuwa nacho ni vipuri vya Beetle: injini, breki, stelingi, vishikizo vya magurudumu. Gari la kwanza lililobeba jina Porsche lilipata kibali cha barabarani tarehe 8 Juni 1948, na ndani yake lilikuwa Beetle iliyovaa kanzu ya Idi. Likaitwa 356. Miaka michache baadaye Max Hoffman, aliyekuwa akiyauza magari hayo New York, akalalamika kuwa ni ghali, akataka moja lililovuliwa kila kisicho cha lazima. Wakampa: kioo cha mbele kifupi unachoweza kukifungua ukakiweka pembeni, paa la turubai jembamba, viti vyepesi, vioo vya milango hakuna. Bei chini ya dola 3,000. Yaani Speedster, hii ambayo leo hata kuiegemea huruhusiwi, ilizaliwa kama gari la bei nafuu kwa kijana wa California anayetaka kushindana Jumapili na kwenda kazini Jumatatu. James Dean, yule mwigizaji wa Hollywood, alikuwa na moja.

Injini ya kwanza ya Speedster ilitoa nguvu za farasi 55. Beetle ya cc 1600 ya miaka ya sabini ilikuwa na kama 50. Nisikudanganye lakini: kufikia 1957 Porsche walikuwa wamebadilisha kipande baada ya kipande, hata kilichobaki cha Beetle kikawa ukoo tu. Anayesema Speedster ni Beetle iliyochangamka hajawahi kuziona injini mbili hizo zimefunguliwa mezani. Hata hivyo ukoo ni ukoo. Mjukuu akirudi kwa babu haitwi mwizi.

Nikavua shati, mzee akanitandikia mkeka, nikaingia chini.

Beetle, kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma, ni sentimita 240. 356 ni 210. Anayetaka gari lisiwe na kiuno kirefu kama cha basi lazima aikate chesisi, atoe kipande cha karibu sentimita 30, aiunge tena. Na katikati ya chesisi hiyo kuna mgongo, bomba nene la chuma ambalo ndani yake mnapita fimbo ya gia, waya wa klachi, waya wa kikanyagio cha mafuta na paipu ya petroli. Vyote hivyo navyo vipunguzwe vilevile. Ukikosea fimbo ya gia kwa nusu kidole, gia ya pili itakuwa mgeni. Leo utaikuta, kesho hayupo nyumbani. Watu wengi wakinunua magari haya hutazama rangi na usukani wa mbao. Mimi nakwambia lala chini utafute mshono.

Mshono wa mzee ulikuwa mzuri. Aliyechomelea alikuwa amelaza chuma juu ya chuma, si ncha kwa ncha, akaweka sahani ya ndani, kisha akapaka ile rangi nzito ya chini ya meli. Niliufuata kwa kidole kuanzia upande mmoja hadi wa pili sikukuta shimo. Chini ya bodi alikuwa ameweka fremu ya mabomba ya mraba, na hilo ni la lazima, maana Beetle huipata nguvu yake nusu kwa chesisi na nusu kwa bodi ya chuma yenye paa. Ukiondoa paa ukaweka faiba bila fremu, gari hukunjika katikati kama mkate wa ajemi.

Kisha nikafika pale penye betri. Kwenye Beetle betri hukaa ndani, chini ya kiti cha nyuma upande wa kulia, na asidi hudondoka kidogo kidogo miaka na miaka. Yetu ilikuwa na tundu hapo. Nikiwa mdogo nilikuwa naitazama lami ikipita. Nikabonyeza kwa bisibisi. Bisibisi ikaingia.

"Ami, hapa pamelika."

"Chumvi," akasema kutoka juu. "Chumvi yatula sote."

Nikamwomba jeki. Hiki ni kipimo ambacho hakuna dalali anakipenda: unalinyanyua gari upande mmoja mpaka gurudumu liache ardhi, halafu unafungua mlango na kuufunga. Fremu ikiwa dhaifu mlango utakwama au utagoma kushika. Wa kulia ulifunga kama kawaida. Wa kushoto ulisugua kidogo kwenye pembe ya chini, ukafunga.

Taa ndizo zilizoniburudisha. Ya nyuma kushoto ilikuwa hafifu kama koroboi, na ukikanyaga breki inazimika badala ya kuwaka zaidi. Dalali akasema ni balbu. Si balbu. Kwenye gari la chuma kila taa hurudisha umeme wake kupitia bodi hadi kwenye betri, kwa hiyo fundi hujali waya mmoja tu wa kwenda. Faiba haipitishi umeme. Kila taa, honi, kila geji inataka waya wake wa arthi wa kurudia, la sivyo umeme hujitafutia njia kupitia taa ya jirani, na hapo ndipo unapowasha indiketa ikaitika honi. Mzee alikuwa ameweka nyaya zote hizo, lakini huo mmoja ulikuwa umeota kutu kwenye kifundo.

Tukatoka kulitembeza. Mzee alinipa usukani, akakaa pembeni na kikombe chake cha kahawa, na dalali akabaki langoni kwa kuwa viti ni viwili. Hilo ndilo jambo zuri kuliko yote kuhusu Speedster.

Sitawachosha na habari za upepo. Gari lilikuwa jepesi, stelingi nyepesi, breki za dramu pande zote nne zinazotaka kuambiwa mapema. Gia ya pili ilikuwa nyumbani kila nilipobisha. Kila tuta nililipanda kwa mshazari kama mtu anayeshuka ngazi na ndoo ya maji. Mama Ngina Drive ilikuwa ndiyo inaanza kujaa, wauza madafu, mihogo inakaangwa, na vijana waliokalia ukuta wakasimama. "Ferrari! Ferrari!" Mzee akawapungia mkono. Nikamwuliza kwa nini hawakatazi. "Niwaambie nini? Wamefurahi." Kisha, tulipopita mnara wa taa ya meli, akasema bila kuulizwa kuwa bodi hakuifanya yeye. Ganda lilipomfikia lilikuwa limepasuka, na kama nataka kujua lilivyoshonwa nikamwone aliyelishona, yu hai, yuko kando ya hori ya Tudor na boti zake.

Nikaenda Jumamosi asubuhi mapema, kwa sababu mafundi wa faiba wa Mombasa hufanya kazi asubuhi mapema au hawafanyi. Rezini inataka hadina ndiyo igande. Ukitia nyingi kwenye jua la kaskazi, itakugandia ndani ya kopo brashi ikiwa bado imesimama, na kopo litatoa moshi. Fundi alikuwa amemaliza tabaka la kwanza la mashua ya watalii, anaukandamiza mkeka wa nyuzi kwa rola, anafukuza mapovu. Povu likibaki ndani, maji yataingia hapo siku moja na kuvimbisha ngozi. Nilikaa juu ya ndoo nikangoja, maana kazi ya rezini haisimamishwi kwa maamkizi.

"Kile kigari cha Ganjoni," akasema aliponisikiliza. "Bado chaenda?"

"Chaenda."

Akafurahi, kisha akaanza kukisema vibaya. Ubavu wa kushoto wa mbele, kuanzia taa hadi mlango, haukuwepo. Ulikuwa vipande. Hakuwa na mfano wa kuchukulia kalibu, na kalibu ya upande wa kulia haifai kushoto, kama kiatu. Akafanya alivyofunzwa kwenye maboti: alinyoosha uzi katikati ya gari kuanzia pua hadi mkia, akapima upande mzima kila shubiri moja, umbali kutoka kwenye uzi na kimo kutoka ardhini, akavihamisha vipimo upande wa pili, akapinda pao za mbao kwa vipimo hivyo, akajaza katikati kwa povu gumu, akaparura kwa msasa siku tisa, ndipo akatandika faiba juu yake. Picha ya gari zima hakuiona mpaka alipomaliza.

Nikamwambia kushoto kumenona zaidi. Nilikuwa nimekiona kile kitu nilipolitazama gari kwa mbele: jicho la kushoto limekaa juu ya la kulia kwa unene wa kidole.

"Nyumba ya jirani ilikuwa na taa ya njano upande ule," akajibu papo hapo. "Jioni yanipa kivuli cha uongo. Nlijua kesho yake, lakini mzee alikuwa ashapaka rangi ya kwanza."

Nikamhadithia habari ya Bruce Meyers. Huyu alikuwa mjenzi wa maboti ya faiba California, na mwaka 1964 alijenga kigari cha kuchezea mchangani, bodi ya faiba kama mtumbwi, kikaitwa Meyers Manx. Baadaye kidogo akawa anaikata chesisi ya Beetle ikapungua zaidi ya sentimita 35, anaiweka bodi juu yake. Mtindo wote huu wa ganda la faiba juu ya Beetle iliyofupishwa, ambao umeajiri karakana Marekani, Uingereza hadi Brazil, mtu wa maboti alikuwa miongoni mwa walioufungulia njia.

Fundi aliacha kunawa mikono. "Na huyo alilipwa?"

Nikamweleza kuwa kilipopendwa, wengine walinunua kimoja, wakatoa kalibu juu yake, wakaanza kuuza vyao kwa bei ya chini. Akaenda mahakamani kutetea haki ya uvumbuzi wake, akashindwa.

"Basi ni mwenzangu." Mzee wa Ganjoni, ilionekana, alikuwa amemlipa vizuri, ni wengine waliomfanya hivyo, na mmoja alikuwa na boti iliyotoka kwenye kalibu yake, imeegeshwa hatua mia kutoka tulipokaa. Akanionyesha kwa kidevu. Sikuona tofauti. Yeye aliiona. "Usione vyaelea, vyaundwa," akasema, kisha akacheka. "Na hicho cha Ganjoni hata hakielei."

Nilirudi nikiwa nimeshalipata lililokuwa likinikera. Lile ganda la Uingereza liliiga Porsche, sawa. Ubavu wa kushoto lakini haukuiga Porsche. Fundi hakuwahi kuiona. Uliiga ubavu wa kulia, kwa uzi na pao, kama mashua inavyojiiga yenyewe pande mbili. Kwenye dunia nzima hakuna gari jingine lenye shavu lile. Dalali alipoandika "Porsche orijino" hakumpandisha mzee hadhi, alimfutia fundi jina. Uongo wake ulikuwa hapo, wala si kwenye mwaka 1957.

Logibuku nayo ina maneno yake. Mzee aliitoa kwenye bahasha ya kaki: Volkswagen, saluni, buluu. Namba ni ya zamani, kabla ya zile zinazoanza na KAA. Mbele yetu kigari cheupe kisicho na paa. Namba ya chesisi iko pale pale, kwenye mgongo, nyuma ya kiti, na bahati nzuri mkato haukuigusa. Lakini sheria inataka mabadiliko ya bodi na rangi yaandikishwe, na anayenunua bila hilo ananunua Beetle ya buluu ambayo haipo. Akigongwa, kampuni yoyote ya bima itamwuliza iko wapi. NTSA, ile mamlaka ya usafiri, ukaguzi, ada, siku mbili tatu za kupanga foleni. Nilimwambia mzee afanye yeye kabla ya kuuza. Akasema mguu hauruhusu. Nikasema nitampeleka. Sijui kwa nini nilisema.

Bei? Mimi nilihesabu hivi: chesisi yenye tundu la betri, injini nzima isiyovuja kupita kiasi, faiba isiyo na nyufa za maana isipokuwa mbili kama utando wa buibui karibu na bawaba, karatasi zinazohitaji kazi. Nikasema milioni moja na laki mbili. Dalali alishika kichwa. Mzee akasema moja na nusu, na kwamba kama ningekuwa na pahala pa kuliweka angenipa kwa hiyo niliyosema. Akanikamata hapo. Naishi ghorofa ya tatu Majengo, gari hulala barabarani, na kigari kisicho na vioo vya milango kikikutana na mvua ya Mei kitageuka beseni. Mama watoto alikuwa amenikumbusha haya Jumanne ile ile, kwa sentensi moja, bila kuinua macho.

"Basi niandikie wewe," mzee akasema. "Si wasema wewe mwandishi? Mwondoe huyu na Porsche yake."

Nikaandika pale pale, nimekaa kwenye ngazi, paka ananisugua mguu. Viti viwili, sura ya Speedster. Bodi ya faiba, ganda la Uingereza, ubavu wa kushoto wa mbele umeundwa upya kwa mkono na fundi wa maboti wa Tudor. Chesisi ya Beetle iliyofupishwa, mshono mzuri, njoo ulale chini uuone. Injini 1600. Pamelika penye betri, patahitaji bati jipya. Taa ya nyuma kushoto inataka waya. Milioni moja na nusu.

Mzee akanirudisha mara mbili. Mara ya kwanza akataka niongeze kuwa jicho la kushoto liko juu. Mara ya pili akataka nitoe neno "mzuri" kwenye mshono, kwa kuwa aliyechomelea ni yeye na haifai mtu kujisifu. Nikamwambia anayesifu ni mimi, likabaki. Dalali alisoma, akasema nimeharibu soko, kisha akalituma vilevile kwa watu wake wote, maana kumi kwa mia ni kumi kwa mia.

Siku ya pili jioni simu ya mzee ikalia nikiwa naifunga ile waya. Akaweka sauti ya nje. Mwanamume, mpole, akauliza kama yeye ndiye mwenye tangazo la gari la faiba. Ndiye. Akauliza kama ule ubavu kweli umetengenezwa na mtu wa hapa hapa. Umetengenezwa. Na haujapasuka tangu hapo? Haujapasuka, miaka kumi na tisa sasa.

Basi akaomba namba ya fundi. Ana boti yake Mtwapa, inavuja.